Unameza na Nini?

Sista alikuwa akifunua sufuria kabla ya kusalimu. Ungesikia viatu vyake vya mpira kwenye ngazi, halafu pazia likasukumwa, na mkono wake tayari umeshika kifuniko. Akishaona na kunusa ndipo alipokugeukia na kuuliza, "Mko salama nyumba hii?" Sufuria ikiwa tupu, alirudisha kifuniko polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Tulimwita Sista kama watu wa mtaa wetu wa Huruma, Nairobi, wanavyowaita wauguzi wote, lakini ukisema "Sista" bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yeye. Kazi yake ilikuwa lishe ya wajawazito, kliniki na majumbani. Alikaa katika chumba cha mwisho cha kliniki, penye mizani, meza yenye mguu mmoja uliofungwa kamba, na utepe wa kupimia unene wa mkono. Wasichana wenye mimba walipelekwa kwake kwanza, kabla ya kupimwa kitu kingine chochote.

Mimi nilimjua kwa sababu ya mdogo wangu, Nafula. Alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, alipopata mimba. Mimi nilikuwa na ishirini na mmoja, nikifulia watu nguo mitaa ya karibu, na shule nilikuwa nimeiacha katika kidato hicho hicho. Baba yetu alitangulia. Mama alifuata siku alipomzaa Baraka, kitinda mimba wetu: mtoto alitoka salama, damu ikaanza, na haikukoma. Nikabaki na Nafula, na Nekesa anayemfuata, na Baraka wa siku moja.

Kwa hiyo siku Sista aliposhika karatasi ya maabara na kusema, "Damu ya huyu ni nane. Ni kidogo. Akizaa nayo hivi, hana ya kumwaga," mimi sikuisikia hata ile nane. Niliona godoro la mama.

Kuna jambo moja nitamshukuru kwalo mpaka kufa. Hakumuuliza Nafula baba wa mtoto ni nani. Mwalimu mkuu aliuliza, mchungaji aliuliza, wapangaji wa ghorofa zote waliuliza, wengine wakiwa wamebeba ndoo za maji. Sista alimpandisha kwenye mizani, akamfunga utepe mkononi, akasema, "Asubuhi ulikula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Chai tu, Sista. Siskii njaa."

"Jana usiku?"

Nafula akanitazama. Nikajibu mimi: ugali na sukuma wiki.

"Wewe ndiye mjamzito?" Sista aliniuliza bila kunitazama. "Haya, nyamaza. Msichana wangu, sahani yako ilijaa?"

Nafula akasema hapana. Akasema jirani yetu wa chini, Mama Kevo, anayeuza mboga penye ngazi, alimshauri ale kidogo, ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka.

"Mwambie Mama Kevo kwamba mtoto mdogo si mtoto mwepesi," alisema Sista. "Mtoto mdogo ni mzigo wa mwaka mzima." Kisha akaniita mimi nisogee. "Unaona huyu? Mwili wake wenyewe haujamaliza kukua. Mifupa bado inadai, na mtoto naye anadai. Hapa nina watoto wawili, mmoja ndani ya mwingine, na wote wanakula kutoka sahani moja. Ukiwapunja, mdogo atakula mifupa ya mkubwa."

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, na hakuyatoa kwenye vitabu. "Sukuma iliyopikwa mpaka ikawa nyeusi ni kuni." "Dagaa wa omena ni nyama iliyokosa majivuno." Msichana akisema nyumbani hakuna kitu, alimjibu, "Hakuna nyama. Sikuuliza nyama. Ndengu je? Mboga ya terere inayoota kando ya mtaro wa nyuma je? Hapana, ile ya mtaro usile, ina uchafu. Nunua ya Mama Kevo."

Ulimi wake ulikuwa mkali, na wengi walimkimbia kwa ajili hiyo. Lakini mikono yake ilikuwa laini ajabu. Aliposhika mkono wa msichana kuupima, aliuwekea kwanza kiganja chake chini, kama mtu anayepokea kifaranga. Mfukoni mwa koti lake jeupe kulikuwa na mayai ya kuchemsha. Hakuwahi kusema anampa mtu. Aliliweka yai mezani na kusema, "Hebu nimenyee hili, mikono yangu imeloa," na likishamenywa angesema, "Sasa umeshalishika, nani atalila?"

Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akila. Alikunywa chai. Chini ya meza palikuwa na chupa ya chai nyeusi, chungu, aliyoimimina tangu asubuhi hadi wanafunga mlango. Wafanyakazi wenzake walimtania: "Sista, wewe unahubiri mboga na unaishi kwa majani ya chai ya Kericho." Alijibu kwamba mchungaji naye hafufuki kila Jumapili.

Siku nyingine alimshika Nafula kidevu na kumwambia afungue mdomo. Ulimi ulikuwa mweupe kama chaki.

"Toa," alisema Sista.

Nafula akatoa mfukoni vipande vya odowa, lile jiwe laini ambalo wajawazito hutafuna. Mimi sikujua kwamba anakula. Nilitaka kumzaba kofi pale pale.

"Usimgombeze," Sista aliniwahi. "Si tamaa. Mwili umekosa madini ya damu, sasa unatafuta hata kwenye mawe. Lakini jiwe halina cha kumpa, na linambania hata kile kidogo anachokula." Akavichukua vile vipande, akavifunga kwenye karatasi, akaviweka kwenye droo yake. Droo ilikuwa karibu kujaa.

Tatizo letu kubwa, hata hivyo, lilikuwa sufuria. Kwetu tulipika sufuria moja, na mama alitufundisha kwamba chakula kikipakuliwa, sahani zilingane. Sista akaniagiza Nafula apate yai, au omena, au maharagwe ya ziada, kila siku, peke yake. Mara ya kwanza nilimpa yai amejificha nyuma ya pazia la kitanda. Nekesa, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alisikia ganda likipasuka.

"Kumbe ili upewe yai nyumba hii ni lazima ukosee?" aliuliza.

Nafula alilitema lile yai. Siku mbili hakula kitu mbele yetu.

Nilimpelekea Sista habari hiyo nikiwa na hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyeleta njaa. Alinisikiliza akimimina chai. "Umekosea kumficha," alisema. "Kuficha ndiko kunakofanya liwe yai la dhambi. Mpe mbele yao. Waambie kwa nini. Na huyo Nekesa mpe kazi ya kulichemsha." Nikafanya hivyo. Nekesa akawa mwenye yai. Alilisimamia jikoni kama askari, akahesabu dakika kwa sauti, na Nafula alipolimaliza alimkagua mdomo.

Sasa nifike penye siku inayonifanya niandike haya.

Mwezi mmoja baada ya ile nane, tulirudi kupimwa. Vidonge vya kuongeza damu alivyotupa Sista siku ile tulikuwa tumevimaliza bila kuruka hata siku moja. Nilivitoa mimi, na alivimeza nikimtazama. Odowa alikuwa ameacha. Yai alikula. Nilikwenda kliniki siku ile kama mtu anayekwenda kuchukua matokeo mazuri ya mtihani.

Damu ilikuwa saba na nusu.

Sista alisoma karatasi mara mbili. Akachukua pakiti tupu ya vidonge niliyoileta, akaitikisa. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi nje walikaa wanawake saba au wanane wa mtaa wetu.

"Dawa zimekwisha na damu imeshuka," alisema. "Zinaenda wapi, Mama Nyumba?" Hivyo ndivyo alivyozoea kuniita, kwa utani. Siku hiyo haukuwa utani.

"Anameza, Sista. Kila siku. Mimi mwenyewe namwona."

"Damu haisemi uongo. Basi kuna mtu mwingine anayesema. Unamuuzia nani?"

"Aki, Sista, namezanga," Nafula alisema, sauti ikimkatika. "Si yeye."

"Wewe unamwogopa dada yako. Mimi simwogopi." Akainua sauti. "Huyu mtoto akifa mezani, utawaambia nini wale wadogo? Kwamba uliuza damu yake?"

Benchi lote likageuka kututazama. Kisha mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, lakini tulimsikia, "Mayatima hao. Watafanyaje? Huuza chochote."

Nilimshika Nafula mkono, tukatoka. Tulipita mbele ya yale magoti yote. Sikulia njiani. Nilipofika nyumbani nilifua shuka ambazo zilikuwa safi.

Mama Kevo alipopata habari alipanda ngazi na fungu la mizizi. "Achana na huyo mwanamke," aliniambia. "Mdomo wake ni pilipili. Nitakuchemshia hii, damu itapanda yenyewe." Na mimi nikaamua kutorudi kliniki. Nasema wazi kwa sababu ni kweli: kwa ajili ya uchungu wangu nilikuwa tayari kumwacha mdogo wangu azae na saba na nusu. Nafula alikaa kitandani akijishika tumbo, akaniuliza, "Dada, mama alikuwa na ngapi?" Sikujua. Hakuna aliyewahi kutuambia.

Kesho yake, jua halijafika kwenye kuta za ghorofa za mbele, nilisikia viatu vya mpira kwenye ngazi.

Hakufunua sufuria siku hiyo. Alisimama mlangoni akihema, maana tuliishi ghorofa ya nne na mwili wake ulikuwa mzito wakati huo. Akavuta mtungi mtupu wa plastiki wa maji, akaugeuza, akaukalia.

"Fanyeni mnavyofanya kila asubuhi," alisema. "Mimi sipo."

Sikumsalimu. Niliwasha jiko la mafuta ya taa, nikabandika maji, nikatia majani mengi, nikatia maziwa, nikaacha ichemke mpaka ikawa na rangi ya tofali. Nekesa alichemsha yai. Baraka alimkazia macho mgeni. Nikamimina vikombe. Nikatoa kidonge kwenye pakiti mpya tuliyopewa jana yake kabla ya maneno, nikampa Nafula, naye akakitia mdomoni na kukisindikiza na kikombe kizima cha chai, kama alivyofanya kila siku.

"Ngoja," alisema Sista. "Unameza na nini?"

"Na chai."

"Kila siku?"

"Kila siku, Sista."

"Kwa nini si maji?"

Nafula akanitazama. Nikaeleza, nikiwa bado nimempa mgongo. Mwaka ambao bomba la maji liliingiliwa na la choo, watoto wa ghorofa ya chini walilazwa, na tangu hapo mama alipiga marufuku maji mabichi. Mafuta ya taa hayakutosha kuchemsha mara mbili, maji ya kunywa na chai. Kwa hiyo kwetu chai ndiyo ilikuwa maji. Ukiwa na kiu, chai. Ukimeza dawa, chai. Hata Baraka alipewa dawa ya minyoo kwa chai. Mama alitulinda hivyo, na nilipobaki peke yangu niliwalinda vivyo hivyo.

Nilipogeuka, Sista alikuwa amefumba macho.

"Chai inaikamata ile dawa tumboni," alisema. "Inaikamata kabla mwili haujaigusa, inatoka nayo. Hasa chai nzito kama hii. Mmekuwa mkimpa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unamnyang'anya."

Mwezi mzima. Ule mwezi wote niliokuwa nikisimama pale kuhakikisha amemeza, nikijisifu moyoni.

Sista akasimama, akaja jikoni, akalishika birika. "Maji yakichemka, kabla hujatia majani, toa kikombe kimoja. Basi. Hakuna mafuta ya ziada. Kifunike, kipoe, amezee hicho. Kamulia limau ukilipata, linaifungulia dawa njia. Chai yake ingoje mpaka saa mbili zipite."

Kikombe kimoja kabla ya majani. Mpaka leo nikibandika maji mkono wangu huenda wenyewe.

Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Alinyoosha mkono akaomba chai. Nikampa ile ile ya rangi ya tofali, akainywa yote akiwa amesimama, akasema, "Unajua kupika chai, Mama Nyumba," akashuka ngazi. Hakusema pole. Nilingoja niisikie hata kwenye ngazi. Na tuliporudi kliniki wiki hiyo, benchi lilikuwa limejaa wanawake wale wale, na mlango ulikuwa wazi vile vile, na hakuwaambia neno.

Lakini tangu hapo hakukosa kuja. Kila Jumatatu na Alhamisi, mpaka Mama Kevo akachoka kununa na kuanza kumwekea mboga ya managu. Tulipopima tena, damu ilikuwa tisa kasoro kidogo. Mwezi uliofuata, kumi. Sista aliandika ile kumi kwenye kitabu cha kliniki cha Nafula, akairudia kwa kalamu mara tatu mpaka karatasi ikatoboka.

Nafula alijifungua katika hospitali kubwa, Jumamosi mchana. Sista ndiye aliyeshikilia aende huko, kwa ajili ya historia ya mama. Mtoto alitoka, msichana, akalia vizuri. Halafu nikaona kupitia mwanya wa pazia muuguzi mmoja akimwita mwenzake, na huyo akamwita wa tatu, na nguo zikapita mbele yangu zikiwa nyekundu. Nilikaa chini kwenye sakafu. Niliijua rangi ile.

Ilikoma. Daktari alitoka akaniambia ametokwa na damu nyingi, lakini alikuwa ameingia nayo ya kutosha. "Angekuja na hii ya chini," alisema akifunua kitabu kwenye ile saba na nusu, halafu akakifunga.

Sista alifika jioni wodini. Alifunua sahani ya Nafula kabla ya kumtazama mtoto.

Miaka imepita. Nafula alirudi shule akaimaliza. Mimi sikurudi, lakini sasa ni mhudumu wa afya ya jamii huko mtaa wa Dandora tulikohamia. Natembea nyumba kwa nyumba na begi, daftari, na utepe wa kupimia mkono. Wasichana wakiniambia wanameza vidonge kila siku, sisemi, "Vizuri." Nauliza wanameza na nini. Wengi husema chai.

Mwezi uliopita niliongezewa nyumba za mstari wa pili. Kwenye mlango wa kijani nilibisha, na sauti ikasema ingia, na kabla sijaona vizuri kwa giza la ndani mkono wangu ulikuwa umeshafunua sufuria iliyokuwa kwenye jiko karibu na mlango. Nduma mbili, zimekauka.

"Umejifunza adabu mbaya," sauti ilisema. "Nani alikufundisha?"

Sista alikuwa amekonda. Alikaa kitini amejifunika leso, na mikono iliyotoka nje ya leso haikuwa ile niliyoijua. Niliomba kuipima. Alikataa, kisha akaunyoosha mmoja, akitazama pembeni. Niliuwekea kiganja changu chini kwanza.

"Ni kidogo?" aliuliza.

"Ni kidogo, Sista."

"Na damu ni kidogo. Walinipima." Akacheka kwa pua. "Yule msichana wako alitoka na kumi. Alianza na nane, akashuka saba na nusu, tisa kasoro, kumi. Jina lake nimelisahau."

"Nafula."

"Nafula." Nje watu walipita wakibishana juu ya magunia. "Wale wanawake wa benchi," alisema, "waliondoka pale wakijua wewe ni mwizi."

"Ndiyo, Sista."

"Na mimi nikawaacha wajue hivyo. Ningewaambia ukweli, ningewaambia pia kwamba miaka yote ile niliwaagiza wasichana wameze, na sikuwahi kuuliza hata mmoja swali lile." Alivuta leso. "Nilipanda ngazi zako mara nyingi nikitaka kukuambia hili. Nikifika juu, pumzi imekwisha."

Jibu nililitunza miaka yote, lakini nikageuza macho kwenye meza.

Mezani palikuwa na pakiti ya vidonge ninavyovijua rangi hata gizani. Kimoja alikuwa ameshakitoa, kiko juu ya karatasi, kinangoja. Kando yake kulikuwa na kikombe kinachofuka moshi, cheusi.

"Usinifundishe kazi yangu," alisema, maana aliona ninapotazama.

"Unameza na nini, Sista?"

Akanyoosha ule mkono mwembamba, akakisukuma kikombe taratibu, kikavuka meza mpaka upande wangu. Nikainuka kubandika maji.